Rweya: ardhi iliyochoshwa na chuma, ikafufuliwa kwa samadi

Ukisafiri Buhaya kutoka Bukoba kwenda Muleba unaona nchi mbili zilizopakana. Huku kuna vibanja: migomba imefungamana na mibuni, na nyumba zimejificha ndani yake. Kule ni rweya, nyasi tupu na mawe, na siku hizi misonobari. Wengi huamini ndivyo Mungu alivyoigawa. Lakini mkono wa binadamu umefanya kazi pande zote mbili.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba kijijini Katuruka, na baadaye kandokando ya Ghuba ya Kemondo. Alikuta mashimo ya matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa takriban miaka 2,000, pamoja na mavi ya chuma. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery walieleza ujuzi wa wahunzi hao katika jarida la Science: mirija ya udongo iliingizwa ndani ya tanuri, hivyo upepo wa mivukuto ukapata moto kabla ya kufikia makaa.

Makaa hayo yalitoka msituni. Schmidt anaona kwamba kazi ya chuma, pamoja na kilimo, ndiyo iliyoimaliza misitu ya jirani na Ziwa Viktoria. Msitu ukishaondoka, mvua hufanya yake. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo uliotokana na mawe ya mchanga hauzuii rutuba isioshwe. Ulaya leo serikali hutunga sera na kutenga fedha ili viwanja vilivyoachwa na viwanda virudi kutumika. Buhaya kazi ya namna hiyo ilifanywa na kaya, bila bajeti.

Ilifanywa hivi. Ng'ombe walichungwa rweya mchana, usiku wakalala nyumbani, na samadi yao ikabaki kibanjani. Nyasi zilikatwa rweya, zikabebwa kichwani na kutandazwa chini ya migomba. Majivu, maganda ya ndizi na taka za jikoni vyote viliishia shinani. Rutuba iliyotawanyika juu ya eneo kubwa ikakusanywa kwenye kipande kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka udongo ukabadilika rangi. Ndiyo maana sotoka, tauni ya ng'ombe, ya miaka ya 1890 ilikuwa pigo la aina mbili: ilipoua ng'ombe, iliua na mbolea. Hata sasa kibanja kisichopata samadi hudhoofika na kugeuka kikamba, migomba yake ikitoa mikungu midogo.

Lakini nani anamiliki ardhi ikishafufuliwa? Chini ya umiliki wa kimwinyi ulioitwa nyarubanja, mkama, yaani mfalme, aliwapa watu wake maeneo pamoja na wakulima waliokuwamo, na wakulima hao wakawa wapangaji wa kutoa kodi kwa migomba waliyoitunza wenyewe. Sheria ya mwaka 1965 ilianza kuwakomboa, na ya mwaka 1968 ikaendeleza kazi hiyo.

Wanawake walisubiri zaidi. Wao ndio waliolima misiri, yaani vishamba vya huko rweya, wakipanda njugumawe na viazi, lakini kibanja kilihesabiwa kuwa cha ukoo, na ukoo ulisemewa na wanaume. Mwaka 1990, katika kesi iliyoanzia Muleba, mwanamke aliyerithi shamba kwa baba yake alipingwa na ndugu kwa kuliuza. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume, akitegemea haki za msingi zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984.

Leo mvutano umehamia rweya yenyewe. Misonobari na mikaratusi hupandwa huko kwa ajili ya mbao na nguzo, na kwenye ramani rweya huonekana kama ardhi isiyo na kazi. Kwa mwenye kibanja, hapo ndipo zinapotoka nyasi na malisho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji ipate kwanza idhini ya mkutano mkuu kabla ya kugawa ardhi. Kwa hiyo wakati wa kuuliza ni palepale mkutanoni, kabla mche wa kwanza haujapandwa: mama aliyekuwa akikata nyasi hapa atazikata wapi? Rweya ikifungwa bila jibu, msitu mpya utapatikana kwa gharama ya vibanja vilivyojengwa kwa vizazi.