Titanic Iliyotiwa Pilipili: Usiku Mmoja Newala

Mabiharusi watarajiwa hutuandikia kila wiki wakitaka habari za singo na udi. Leo singo itangoje. Tuna kisa tulichokaa nacho miaka, na kila tukikikumbuka tunacheka kwanza, halafu tunanyamaza.

Desemba 2013 tulikwenda Newala, wanawake saba kutoka Unguja, kumfuata bi harusi. Kijana wetu alikuwa amepata mchumba huko, na harusi ikapangwa Desemba kwa sababu ambayo kila mtu wa kusini anaijua: korosho zimeshauzwa, pesa ipo. Tukapanda boti hadi Dar es Salaam, basi hadi Masasi, tukalala hapo. Masasi ni mji uliozungukwa na majabali makubwa kama ngamia waliolala. Asubuhi gari likaanza kupanda ukingo wa uwanda wa Makonde mpaka masikio yakaziba. Huko juu ni udongo mwekundu, mikorosho, na upepo wa jioni uliotufanya tujifunike kanga mbili mbili. Maji ndiyo yaliyokuwa shida ya huko tangu enzi. Wanawake wa Newala wamezeeka wakishuka mteremko na kupanda nayo kichwani. Wenyeji wetu walitupa ya kuoga tele, na tuliona haya kuyamwaga.

Usiku wa kuamkia akdi, wanaume walikuwa nje na kahawa yao, sisi ndani na wenyeji, wanawake kama thelathini. Kijana mmoja wa nyumba alituletea televisheni na deki, jenereta ikawashwa uani, akaweka CD na kutoka kwa adabu bila kuinua macho. Ilikuwa Titanic. Tukafurahi. Nani wa umri wetu hakuililia Titanic? Filamu ya James Cameron ya mwaka 1997, Oscar 11, na hata huku kwetu ilipitishwa nyumba hadi nyumba mpaka mkanda ukachakaa.

Lakini hii haikuwa ile tuliyoililia. Hii ilikuwa imetiwa maneno ya Kiswahili na DJ, tena DJ wa mzaha. Jack kamfanya mpiga debe wa stendi aliyekata tiketi kwa hela za kamari. Mama yake Rose anadai mahari kwa sauti ya muuza samaki. Kila Rose akifungua mdomo kusema neno la mapenzi, DJ anamsemea jingine, na hayo mengine hatuyaandiki hapa. Ilipofika pale Jack anapomchora, chumba kizima kilikuwa kimejiziba midomo kwa kanga. Tulicheka mpaka machozi. Tunalisema hili wazi, kwa sababu ni rahisi kuandika baadaye kana kwamba tulikuwa tumekaa tumekunja uso.

Bi harusi naye alikuwepo, pembeni, kajifunika. Alikuwa na miaka 19. Alicheka na wenzake mwanzo. Kisha ikaja sehemu ya gari kule chini ya meli, na DJ akaacha kumchezea Jack, akamgeukia Rose: woga wake, ugeni wake, mwili wake. Akamfanya kichekesho. Hapo bi harusi hakucheka tena. Aliangalia mikono yake.

Aliyeona alikuwa bibi yake, mama wa mama, aliyekuwa amekaa mkekani akibangua korosho. Naye alikuwa akicheka kuliko sote. Akaweka kisu chini.

"Zima," akasema. "Huyu anamcheka mwali. Ngoma yetu haimcheki mwali. Inamcheka mume."

Tukazima. Na tuseme ukweli, sisi wa visiwani tulishukuru kwa sababu nyingine pia. Baada ya gari linakuja barafu, na baada ya barafu meli inazama. MV Spice Islander ilizama usiku wa 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit 18 Julai 2012, na hakuna katika sisi saba asiyekuwa na mtu wake aliyesafiri au aliyebakia kusubiri bandarini. Bara nao walikuwa na MV Bukoba, Mei 1996, mwaka mmoja tu kabla ya filamu ile kutoka. Kumsikia DJ akifanyia mzaha watu majini tusingeweza.

Yule DJ ametoka wapi? Uganda wanaitwa VJ, na huko kazi hii imeshakuwa taaluma. Tanzania ilikaa katika vibanda vya video, vile ambavyo watu wa bara huviita vibanda umiza kwa namna mtu anavyobanwa humo. Visiwani tulikuwa na televisheni yetu tangu mapema miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994. Katikati ya hapo mkanda wa video uliingia mijini na vijijini, na filamu zilikuja kwa Kiingereza, Kihindi na Kichina, mbele ya watu ambao wengi hawakuzielewa lugha hizo. Basi akapatikana mtu wa kukaa na kipaza sauti na kusimulia. Dar es Salaam jina lililovuma ni Lufufu, na baadaye DJ Mark. Hawakuwa wakalimani wa neno kwa neno. Walikata, wakaongeza, wakawapa wazungu tabia za mitaa yetu. Lufufu mwenyewe aliifananisha kazi hiyo na kuugeuza wali kuwa pilau. Titanic nayo ilipitia mikono mingi namna hiyo: mwaka 1998 mchoraji Joshua Amandus Mtani aliitolea kitabu cha katuni cha Kiswahili, Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic, na kule Nigeria Kaskazini mwaka 2003 Wahausa wakaiigiza upya kwa jina la Masoyiyata. Wote walitia viungo vyao. Wengine walizidisha pilipili.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilitaka kila filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa. Lakini mkaguzi ataikagua picha. Ile sauti ya mtu kibandani usiku, ataikagua vipi?

Mabibi zetu wa Unguja wangetuona washamba kwa kushtuka. Wao waliijua sinema ya mapenzi kabla yetu. Miaka ya 1950 majumba ya sinema ya mjini yalikuwa na maonyesho ya zanana, wanawake peke yao na watoto wao, wakitoka na mabuibui yao kwenda kumtazama Raj Kapoor na Nargis katika Awara. Humo ndani walilia, waliimba, na baada ya hapo nyimbo zile zikaingia kwenye taarabu. Walicheka pia, na bila shaka walisema ya kusema. Ila ukumbi ulikuwa wao, mlango umefungwa, na aliyekuwa akisema ni mwanamke karibu na sikio la mwenzake. Sisi Newala tulikuwa na mlango uliofungwa, lakini sauti ya mwanamume tuliiingiza wenyewe kwa jenereta.

Na hilo neno la bibi, kwamba ngoma inamcheka mume, lilituuma kwa sababu tulilijua. Tulilisikia kwetu. Unyago tunaouita wa Unguja haukuota Unguja. Ulikuja na wanawake waliochukuliwa kutoka huko huko kusini, Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wamakonde, walioshushwa kwa njia za misafara hadi Kilwa na kuvushwa bahari wakiwa watumwa. Hawakuja na kitu mikononi. Walikuja na ngoma kichwani, wakawacheza binti zao, halafu binti za mabwana zao. Bi Kidude, aliyefariki 17 Aprili mwaka ule ule wa 2013, alikuwa somo wa unyago zaidi ya kuwa mwimbaji, na waliochezwa naye wanajua kwamba mambo yaliyosemwa mle yangemfanya DJ yule aone haya. Waume wavivu, waume wenye haraka, waume wasiooga, wote walipata zamu yao. Mwari alikuwa anafundishwa asiogope.

Njia ile ilikuwa na kurudi pia. Masasi yenyewe, kama mji wa misheni, ilianzishwa 1876 Askofu Edward Steere alipowaleta watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar. Wengi wao asili yao ilikuwa kusini. Kwa hiyo tulipoingia Masasi kwa basi tukijiona wageni, tulikuwa tunapita njia ambayo bibi wa bibi wa mmoja wetu huenda aliipita kwa miguu, upande mwingine.

Kamera nayo ilifika mapema kuliko mtu anavyodhani. Mwaka 1906, vumbi la Maji Maji bado halijatulia, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Masasi, akapanda Newala akiwa na askari wa serikali, mashine ya kunasa sauti na kamera ya sinema. Alipiga sinema za ngoma. Alihudhuria shughuli za unyago wa wasichana uwandani, akaandika aliyoyaona, na kitabu chake kikatoka kwa Kijerumani 1908 na kwa Kiingereza 1909. Waliokisoma walikuwa wanaume na wanawake wa mbali ambao mwari yule hakuwajua. Hakuna aliyemuuliza. Tunapolalamika leo kwamba simu imetoa ya ndani nje, tukumbuke kwamba mlango ulivunjwa zamani, na aliyeuvunja aliita kazi yake elimu.

Baada yake wakaja wengine waliotaka kuusafisha unyago. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, alijaribu kulivisha jando nguo ya Kikristo, akafika mbali. Upande wa wasichana ulikuwa mgumu, maana wenye elimu hiyo walikuwa makungwi, na kungwi hamfunulii padri. Kwa Waislamu, dini ilienea sana vijijini kusini baada ya Maji Maji, na masheikh nao walikuwa na ya kusema juu ya ngoma. Kisha taifa likaja na shauku yake: sindimba ya Wamakonde ikapandishwa jukwaani na vikundi vya ngoma baada ya uhuru, wengine wakashangilia urithi, wengine wakalaani viuno. Kiuno kilichokuwa somo ndani ya nyumba kikawa onyesho la wageni wa serikali.

Hapa lazima tumpinge bibi kidogo, Mungu amrehemu. Si kweli kwamba Wamakonde hawakumcheka mwanamke. Wanaume wao walikuwa na vinyago vya mwili, matiti na tumbo la mimba lililochongwa kwa mti, mwanamume analivaa na kucheza akiiga mjamzito, na watu wanacheka. Lakini wanaojua wanasema mchezo ule una heshima ndani yake, na tumbo lile limechongwa kwa uzuri ambao huwezi kuupa kitu unachokidharau. Tulipomuuliza bibi kesho yake alisema tu, "Hao ni wanaume," akaendelea na korosho zake.

Na dini? Tulijiuliza, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa tumekaa tunatazama. Elimu ya ndoa haina aibu, Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza. Ya chumbani kuyatoa nje, hilo Mtume (s.a.w.) alilikemea vikali. Unyago mzuri ulikuwa unapita kati ya hayo mawili kwa uangalifu mkubwa. Filamu ile haikuwa na habari na lolote kati yake. Ilikuwa inataka kicheko, na kicheko cha haraka hupatikana kwa anayeogopa. Mabiharusi wengi wanaotuandikia sasa wameshaona vya namna hiyo kwenye simu kabla somo hajafika, na maswali yao tunayatambua. Hawaulizi, "Nifanye nini?" Wanauliza, "Atanicheka?"

Baada ya kuzima, bibi alisimama kwa kushika goti. Akamwita bi harusi, akaita wanawake wake wanne na ngoma moja ndogo. Akatugeukia sisi wageni, akatupitia mmoja mmoja mlangoni.

"Umechezwa?"

Tumechezwa, tukajibu, na tukapita. Mpaka akafika kwa mwenzetu wa sita, mama wa watoto watatu, mwalimu, aliyeolewa mjini miaka ya karibuni kwa keki na ukumbi. Akasita.

"Sijachezwa, bibi."

"Basi kaa na watoto."

Akakaa. Alikaa ukumbini na watoto wa watu mpaka saa nane za usiku, anasikia ngoma na vicheko kwa nyuma ya mlango. Asubuhi bi harusi alitoka kaoshwa, macho makavu, anamtania mama yake. Mwenzetu alitufuata njia nzima kutoka Newala hadi Masasi, na kutoka Masasi hadi bandarini, akitaka kujua kilichosemwa. Mpaka leo anauliza.