Koti la Kuelea: Historia Yake na Mafunzo Yake

Ninyi mlio darasani, fungueni daftari zenu. Mwalimu na aandike ubaoni maneno haya matatu: HORI, BAMVUA, KOTI LA KUELEA.

Hori ni mkono wa bahari ulioingia katika nchi kavu. Pwani ya Kenya ina hori nyingi: Kilindini na Tudor huko Mombasa, kisha Mtwapa, Kilifi na Mida. Maji ya hori huonekana matulivu, na ng'ambo huonekana karibu. Kwa hiyo watu wengi hupanda mashua bila hofu.

Lakini hori ina hila. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hujaa na kupwa zaidi ya mita 3. Maji hayo yote hupita katika mlango mwembamba wa hori, yakienda kwa kasi. Maji yakiwa yanatoka, na upepo wa bahari ukiyakabili, mawimbi mafupi na makali huinuka pale mlangoni. Mtu akianguka hapo, huchukuliwa upesi, hata kama ni mwogeleaji hodari.

Basi leo tutajifunza jinsi watu walivyopata vazi la kumzuia mtu asizame.

Wavuvi wa zamani walijua kwamba vitu vyepesi huelea. Walifunga maboya ya miti katika nyavu zao. Lakini vazi la kuvaliwa kazini lilichelewa kupatikana. Katika mwaka 1854, huko Uingereza, Kapteni Ward, mkaguzi wa chama cha mashua za uokozi, alitengeneza koti la gome. Gome hilo ni lile ambalo hutengenezewa vizibo vya chupa. Hutoka katika mti unaoota Ureno na Hispania. Vipande vyake vilishonwa juu ya kitambaa kigumu, na mtu akavifunga kifuani na mgongoni. Koti lilikuwa nene, tena gumu.

Sasa sikilizeni habari ya mji wa Whitby. Mji huu uko pwani ya mashariki ya Uingereza, mahali mto Esk unapoingia baharini. Tarehe 9 Februari, 1861, tufani kubwa ilipiga pwani hiyo, na merikebu nyingi zikavunjika. Wanaume wa Whitby waliingia katika mashua yao ya makasia ili kuwaokoa mabaharia. Walitoka mara tano, na mara zote tano wakarudi salama. Wakatoka mara ya sita. Wimbi likaipindua mashua karibu na bandari, watu wa mji wakitazama. Ndani yake walikuwamo watu 13. Wakafa 12.

Aliyepona ni mmoja tu, kijana aitwaye Henry Freeman. Yeye peke yake alikuwa amevaa koti jipya la gome. Wenzake hawakukosa ushujaa wala ujuzi wa bahari. Walikosa koti lile tu. Baadaye Bwana Freeman alikuwa nahodha wa mashua ya uokozi kwa zaidi ya miaka 20, akawaokoa watu wengi.

Tangu siku ile, hapakuwa na haja ya kubishana kama koti lafaa. Kazi iliyobaki ilikuwa kulifanya liwe jepesi, ili watu wakubali kulivaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wakaanza kutumia sufi. Hii ni sufi ile ile ya mti wa msufi, ambayo sisi hujazia mito na magodoro. Sufi ni nyepesi na laini kuliko gome. Hata hivyo ina kasoro: ikiingia mafuta, au mfuko wake ukitoboka, nguvu yake ya kuelea hupungua. Baada ya Vita Kuu ya Pili, povu gumu la plastiki likachukua mahali pake. Povu hilo hutumika mpaka leo.

Wakati huohuo mchezo mpya ulizaliwa. Katika mwaka 1922, huko Lake Pepin katika jimbo la Minnesota, Marekani, kijana wa miaka 18 aitwaye Ralph Samuelson alitaka kuteleza juu ya maji kama watu wanavyoteleza juu ya theluji. Alijaribu mbao za mapipa, zikashindwa. Akachukua mbao mbili pana, akazitia katika maji yanayochemka, akazikunja ncha. Kaka yake akamvuta kwa mashua ya injini, naye akasimama juu ya maji. Mchezo huu, uitwao skii ya majini, ulienea duniani, na hori zikawa mahali pake pazuri.

Lakini mchezo huu ulileta hatari mpya. Mwenye usukani hutazama mbele. Anayevutwa yuko nyuma. Akianguka, nani atajua? Ndiyo sababu majimbo mengi ya Marekani yaliweka sheria kwamba awepo mtu wa pili mashuani, kazi yake kutazama nyuma. Aliyeanguka huinua mkono kuonyesha kwamba yu mzima. Mashua humrudia polepole, na injini huzimwa kabla ya kumfikia, kwa maana rafadha hukata kama panga.

Msidhani kwamba ukaribu wa pwani ni kinga. Tarehe 29 Aprili, 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka katika hori ya Kilindini. Kilikuwa kimebeba watu kupita kiasi. Nchi kavu ilikuwa karibu sana, lakini watu 272 walikufa.

Basi, historia hii yatufunza mambo manne. Kwanza, vaa koti kabla ya kung'oa nanga, ulifunge vizuri. Koti lililowekwa chini ya kiti halimsaidii mtu aliyekwisha kuanguka. Pili, uliza habari za maji: yanajaa au yanapwa? Ni bamvua au maji mafu? Tatu, usipande chombo kilichojaa kupita kiasi, hata ukichelewa kazini. Nne, anayevutwa kwa kamba awe na mtu wa kumtazama.

Watu wa Whitby walirudi salama mara tano. Mara tano hizo hazikuwalinda mara ya sita. Likumbukeni neno hili mtakaposikia mtu akisema, "Mimi nimevuka hapa miaka yote."

MASWALI. Jibuni katika daftari zenu:
1. Hori ni nini? Taja mbili.
2. Kwa nini Henry Freeman alipona?
3. Sufi ina faida gani, na kasoro gani?
4. Katika mchezo wa skii, mtu wa pili mashuani ana kazi gani?

Kwaherini, wasikilizaji, mpaka somo lijalo.