Bandersnatch, Gemu Iliyofia Njiani

Kama uliiona Black Mirror ya Netflix ya 2018, jina Bandersnatch unalijua. Kijana anatengeneza gemu mwaka 1984 mpaka akili inamruka. Hadithi ya kutunga, sawa, lakini gemu ya jina hilo ilikuwepo kweli. Au tuseme, ilitaka kuwepo. Tulipoitaja kwenye kipindi, ami yangu wa Portsmouth alinipigia usiku uleule: "Mwanangu, tangazo lake nililibandika ukutani!"

Ami alikuwa na ZX Spectrum. Kompyuta hiyo ilitoka Aprili 1982, vitufe vya mpira, kumbukumbu kilobaiti 48. Picha moja ya simu yako haiingii humo. Gemu zilikuja kwenye kaseti, kaseti hizi hizi za taarabu ya bibi. Unaunganisha redio kaseti na kompyuta, unabonyeza, inalia kama paka wanagombana, unasubiri kama dakika tano. Ikikwama, unarudisha nyuma unaanza upya. Na kwa kuwa ni kaseti tu, rafiki mwenye redio ya kaseti mbili anakunakilia bure.

Sasa njoo Liverpool. Kazi hakuna, mtaa wa Toxteth uliwaka ghasia 1981. Mwaka uliofuata Mark Butler na David Lawson wakaanzisha kampuni ya Imagine. Gemu yao ya kwanza, Arcadia, ikauzika sana. Vijana wakawa na magari ya bei mbaya, na magazeti yakawapenda. Nani asingependa habari kama hiyo?

Halafu wakatangaza gemu mbili kubwa kuliko zote, Bandersnatch na Psyclapse. Kwa kuwa kilobaiti 48 hazitoshi, gemu ingeuzwa na kifaa cha kuchomeka nyuma ya kompyuta, na hapo hapo wanaonakili wangekwama. Bei ilitajwa kama pauni 40, wakati gemu ya kawaida haifiki hata pauni 10. Na lile tangazo la ukutani kwa ami? Halikuonyesha gemu hata kidogo. Lilionyesha sura za watengenezaji!

Mimi siwacheki sana. Tatizo waliliona sawasawa, kompyuta yenyewe ilikuwa ndogo. Ila fedha zilikuwa zinamwagika kwenye matangazo huku mauzo yanashuka, na madeni hayasubiri gemu iishe. BBC ilikuwa imeshaleta kamera kurekodi mafanikio, ikaishia kurekodi madalali wa mahakama wakiingia ofisini. Julai 1984 mahakama ikaifunga Imagine. Filamu ilionyeshwa Desemba. Psyclapse haikuwa imevuka sana hatua ya mawazo.

Lawson na mwenzake Ian Hetherington wakaibukia Psygnosis, hapo hapo Liverpool. Mabaki ya Bandersnatch yakageuzwa kuwa Brataccas, gemu yao ya kwanza, kwa Atari ST, Amiga na Macintosh. Sony ikainunua Psygnosis 1993, na kama kaka yako alicheza WipEout kwenye PlayStation, basi alicheza kazi ya nyumba hiyo.

Juzi nilimfungulia ami Brataccas kwenye laptopu yangu. Mtu wake anaendeshwa kwa shida, unataka atembee, yeye anachomoa upanga. Ami akahangaika dakika kumi, akavua miwani.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo iliyobaki, ami."

Akaivaa tena, akaanza upya.