Ng'ambo, 1928: Kuta za Mpangaji, Ardhi ya Mwengine

Watu wengi wanaposoma mkataba wa upangaji hutafuta bei kwanza. Historia ya Ng'ambo ya Unguja inanifanya niamini kwamba kifungu kizito zaidi ni kile kinachosema nani anaweza kuibadili bei hiyo baada ya mpangaji kukaa. Katika karne ya 19, upande wa pili wa hori lililoitenganisha Ng'ambo na Mji Mkongwe, watumwa, watu walioachwa huru, pamoja na wageni maskini walijenga vibanda vya miti, udongo na makuti kwenye ardhi za matajiri, nyingine zikiwa za wakfu. Wengi hawakutozwa kodi. Haikuwa huruma tupu: aliyejenga kwenye ardhi ya bwana alihesabiwa kuwa mtu wake, wa kumfuata na kumpa heshima, na bwana naye alitarajiwa kumhifadhi.

Sheria ilipoacha kuutambua utumwa mwaka 1897, ufuasi huo ukaanza kupoteza thamani, na thamani ya ardhi ikapanda. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza wenye viwanja, wakiwemo wafanyabiashara wa asili ya Kihindi walionunua ardhi hizo, walidai kodi ya kiwanja na kuipandisha. Wajibu wa zamani wa kumhifadhi mkaazi ulikufa. Haki ya kumwamrisha ikabaki. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa, na wanawake, ambao wengi wao walikuwa na nyumba zao wenyewe, walikuwa mstari wa mbele. Serikali ya ukoloni, ambayo mahakama zake zilikuwa zikiwaamuru walipe au waondoke, ililazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi ya viwanja kupandishwa ovyo.

Mwenye kiwanja angeweza kujibu kwamba mali ni yake, na asiyeridhika na bei ahame. Jibu hilo lingetosha kama nyumba ingebebeka. Kuta za udongo hazing'oki. Nguzo na makuti yaliyobomolewa huokolewa kwa sehemu tu, na kazi ya kukandika na kuezeka hupotea yote. Basi siku mkaazi alipomaliza kujenga ndiyo siku nguvu yake ya kupatana ilipokwisha, na kila nyongeza iliyofuata ilimkuta ameshanaswa. Isitoshe, eneo hilo lilipata thamani kwa sababu watu walilikaa, wakajenga misikiti na kuanzisha masoko. Kumtoza mkaazi zaidi kwa neema aliyoileta mwenyewe ni dhuluma, hata ikiwa na muhuri wa mahakama.

Hoja nzito zaidi ni kwamba kudhibiti kodi huua hamu ya kujenga na kukarabati. Kwa kodi ya kiwanja haina uzito, kwa kuwa mwenye ardhi hakujenga wala hakukarabati chochote. Kwa vyumba vya kupangisha ina ukweli: mwenye nyumba anayelipwa chini ya gharama huacha paa livuje. Ndiyo maana silaumu moja kwa moja hatua ya Tanzania Bara ya kuifuta mwaka 2005 Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango ya 1984. Ninacholaumu ni kudhani kwamba baada ya sheria kuondoka, karatasi yenye sahihi mbili inatosha kushika nafasi yake. Karatasi hiyo huandaliwa na mwenye nyumba au dalali, na mpangaji huisoma akiwa ameshaahidi kodi ya miezi sita au mwaka, watoto wameshaandikishwa shule ya jirani na mzigo uko njiani. Yuko karibu sana na hali ya mkaazi wa Ng'ambo. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa na ajadili kwanza mambo ambayo kwa kawaida hupitwa haraka: kodi itapandishwa lini na kwa kiwango gani, notisi ni ya siku ngapi, na fedha zake za matengenezo zitarejeshwaje akiondolewa kabla ya muda.