Neno «stimulant» na fimbo ya mukulima

Neno la Kifaransa «stimulant» limeenea sana. Munganga analitaja kwa dawa, mwalimu analitaja kwa sifa anazompa mwanafunzi. Watu wengi wanalitafsiri «kileta-nguvu». Tuangalie kama ni sawa.

Neno limetoka katika Kilatini. «Stimulus» ilikuwa fimbo yenye ncha kali. Mukulima wa Roma alichoma nayo ngombe mwenye kukokota jembe. Mwaka 52 mbele ya Kristu, Kaisari alipozunguka Alesia katika inchi ya Wagalia, askari wake walifukia udongoni miti yenye kulabu za chuma, wakaiita «stimuli». Nasi tunalikuta neno lile lile katika Biblia ya Kilatini, Matendo ya Mitume sura ya 26, Saulo anapoonywa asipige teke fimbo ile. Basi tangu mwanzo ni kitu chenye kuchoma, si chenye kulisha.

Baadaye waganga walilichukua. Mwaka 1780 munganga John Brown wa Uskoti alitoa kitabu chake cha Kilatini, Elementa Medicinae. Alifundisha kwamba magonjwa mengi hutoka katika upungufu wa kuchochewa. Kwa hiyo aliwapa wagonjwa divai na afyuni. Leo tunajua kwamba afyuni hulaza mutu, haimwamshi.

Mwaka 1819 Mujerumani Runge alitenga kafeini ya kahawa. Kafeini imo vile vile katika chai na kola. Nayo hailishi mwili: inazuia tu bongo lisisikie habari ya uchovu. Uchovu wenyewe unabaki palepale.

Ukali wa jambo hili ulionekana katika vita. Mwaka 1940 askari Wajerumani walipewa vidonge vya Pervitin kwa mamilioni, wapate kutembea bila kulala. Mwaka 1941 serikali yao yenyewe iliviweka chini ya sheria ya afyuni.

Mukulima wa zamani alijua: fimbo haimpi ngombe nguvu, inatumia tu nguvu aliyo nayo. Jioni sharti apewe majani na pumziko. Kwa hiyo tukisema «kileta-nguvu», tunadanganya watu, na mwenye njaa atanunua kidonge pahali pa chakula. Tuseme «kichocheo». Kila mama wa jikoni atatuelewa: kuchochea kunawakisha moto, lakini hakuongezi kuni.