Tiketi ya Jeddah kutoka Garissa

Leo tuache kodi kidogo. Mpaka masharti yalipolegezwa 1993 na 1994, na sheria yenyewe kufutwa 1995, Mkenya hakununua dola za safari bila idhini iliyotoka kwa Benki Kuu. Kutoka Garissa, Nairobi ni kilomita 370 hivi. Hawala ilikuwa fupi zaidi: unampa wakala shilingi, anapiga simu, mwenzake Dubai analipa nauli kwa dirham. Pesa hazivuki mpaka. Inavuka habari tu, madeni yanasawazishwa baadaye. (Seva mbili, nenosiri ni ukoo!)

Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma pesa. Ziliruhusiwa tena Juni. Aliyengoja nauli kutoka kwa nduguye Minneapolis alitafuta njia nyingine.