Ndege za Maktau na Wapagazi wa Nyika

Wapo wasomaji wanaoikataa hadithi ya kubuni pindi wanapokuta mkuki na injini katika ukurasa mmoja. Huuliza: ikiwa watu wa nchi hii wana vyombo vinavyoruka angani, mbona bado wanabebeshana mizigo vichwani? Wakanda ya filamu ya Black Panther (2018), yenye ndege za ajabu na walinzi wenye mikuki, hulizusha swali hilo bila kukawia. Lakini swali lenyewe limejengwa juu ya dhana kwamba zana za mwanadamu hupokezana zamu, mpya ikiingia ya zamani hutoka. Anayeijua historia ya nchi iliyo kati ya Voi na Taveta hawezi kuishikilia dhana hiyo. Huko, kati ya 1914 na 1916, ndege, gari la deraya, garimoshi, maksai na kichwa cha mpagazi vilitumika katika vita vimoja, Vita vya Kwanza vya Dunia, na mara nyingine katika shambulio moja. Tena havikukutana kwa bahati tu: kile kipya kisingesogea bila kile cha kale.

Mchanganyiko huo ulianza kabla ya vita. Joseph Thomson alipofika Taveta mwaka 1883 alifuata njia ya misafara iliyokwenda Kilimanjaro na Umasaini, njia iliyotegemea miguu ya wapagazi na chakula cha wakulima wa huko. Milimani Taita, wakulima walikuwa wakikinga vijito na kuyaongoza maji mashambani kwa mifereji. Kisha ikaja reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901. Ilipita Voi, ikaiacha Taveta kando. Mvuke haukuumaliza msafara, uliusogeza tu. Mzigo uliteremshwa Voi, na safari ya kuelekea Taveta na Moshi ikaendelea kwa miguu na kwa mikokoteni ya maksai.

Tarehe 15 Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani yaliitwaa Taveta. Kutoka upande wa Taveta doria zao zilivuka nyika kwa miguu, zikibeba maji na baruti, zikaenda kulipua reli ya Uganda. Zana ghali kuliko zote katika koloni ililemazwa na watu wachache waliojua kutembea. Waingereza walijibu kwa kuanza kujenga reli nyingine mwanzoni mwa 1915, kutoka Voi kuelekea magharibi, kazi iliyofanywa na vikosi vya reli kutoka India. Katikati ya mwaka huo ilikuwa imefika Maktau. Ndege zikafuata, kwanza Maktau, kisha Mbuyuni mwaka 1916, ingawa ndugu Wright walikuwa wameruka kwa mara ya kwanza mwaka 1903 tu. Yakaja na magari ya deraya ya Rolls-Royce. Hapo ndipo nchi yenyewe ilipoweka masharti yake. Nyika ile haina maji, kwa hiyo bomba lililazwa kutoka milima ya Bura, maana injini ya mvuke hunywa kama jeshi linywavyo. Mbung'o waliua farasi, baghala na maksai. Mvua za masika zilipoanza mwaka 1916, magari yalizama katika tope. Kilichobaki kikisogea wakati wowote, mahali popote, ni mtu mwenye mzigo kichwani.

Vita vya kilima cha Salaita, tarehe 12 Februari 1916, vinaonyesha jambo hili wazi. Ndege zilikuwa zimekichunguza kilima kutoka juu, mizinga ikakipiga, magari ya deraya yakaenda pamoja na askari wa Afrika Kusini waliokuwa wageni kabisa wa nchi ile. Shambulio lilivunjika. Mahandaki yaliyopigwa kileleni hayakuwa yale waliyomo askari; ulinzi halisi ulijificha chini ya kilima, ndani ya kichaka, na macho ya angani hayakuuona. Mwezi uliofuata, huko Kahe karibu na Moshi, Wajerumani walitumia mzinga wa Königsberg, meli ya kivita iliyozamishwa katika delta ya Rufiji mnamo Julai 1915. Mizinga ya meli hiyo iliopolewa, ikaundiwa magurudumu na kuburutwa barani kwa nguvu za mamia ya watu. Silaha iliyobuniwa kwa ajili ya bahari iliishia kuvutwa kwa kamba. Hakuna mwandishi wa kubuni ambaye angethubutu kuandika hivyo bila kuogopa kuchekwa.

Mtu anaweza kupinga kwamba vita ni hali ya dharura, na kwamba amani hurudisha kila zana kwenye zama zake. Ushahidi hauungi mkono. Taveta ya leo hunywesha migomba kwa mifereji, malipo ya ndizi yanaweza kupita kwenye simu, na Voi ina stesheni ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 katika mji uliozaliwa na reli ya kwanza. Kuuita mfereji huo kitu cha kale ni kosa. Unafanya kazi leo, basi ni wa leo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mchanganyiko wa 1915 haukukua wenyewe, ulishushwa kwa amri ya wakoloni, hivyo hauwezi kuwa kielelezo cha ulimwengu wenye mantiki yake. Ni kweli kwamba ulishushwa kwa amri, na hapo ndipo funzo lilipo. Nani apande gari na nani abebe petroli yake halikuwa suala la ufundi, lilikuwa suala la mamlaka. Hesabu rasmi za Waingereza zinataja zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi. Ulimwengu wa kubuni wenye ndege na mikuki pasipo kuonyesha amri hiyo ni pambo tupu. Pumzi, filamu ya Wanuri Kahiu ya 2009, inalijua jambo hili: katika mji wake wa baada ya vita vya maji kuna mitambo ya hali ya juu, lakini umeme unatoka kwenye miili ya watu wanaofanyishwa mazoezi, na kila tone la jasho hukusanywa. Ndiyo maana inaaminika.

Makaburi ya kijeshi ya Voi na Taveta yana majina ya askari juu ya mawe. Wapagazi walio wengi hawana jiwe wala jina, na mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa kutowakumbuka kwa usawa. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kubuni nchi ambamo zama zinakutana asianze na chombo kinachoruka. Amtafute kwanza anayekibebea mafuta na maji, ajue ametoka kijiji gani na nani alimwamuru, kisha ampe jina.